MAKTABA ZA SHULE: VITABU VITOKE KABATINI



Katika mazungumzo yetu ya leo tunakusudia kueleza habari ya maktaba za shule, na jinsi zinavyohusiana na kufaulu au kutofaulu kwa watoto wetu katika masomo. Huenda wapo watakaouliza mambo haya yanamhusu nini askari. Watasema kwamba vitabu ni kazi ya walimu, na bunduki ni kazi ya askari, na kila mtu ashike lake. Sisi hatukubaliani na mawazo hayo. Askari ni mzazi kama wazazi wengine, tena ni mzazi anayehamishwa mara kwa mara, na watoto wake hubadilisha shule kabla hawajazizoea. Zaidi ya hapo, maktaba ni kitu kinachohitaji miaka mingi ya utulivu ili kiwepo, na utulivu huo una walinzi wake. Kwa hiyo tutaanza na ulinzi, kisha tutafika kwenye vitabu vyenyewe, na mahali tutakapoanzia panaitwa Mudende.

Mudende ni eneo la vilima kaskazini-magharibi ya Rwanda, katika sehemu iliyokuwa ikiitwa Mkoa wa Gisenyi, na ambayo tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 imo katika Wilaya ya Rubavu. Ardhi yake ni ya volkano, viazi hustawi sana, na wafugaji wake hukamua maziwa mengi. Wale askari wa Tanzania waliotumwa Kivu ya Kaskazini mwaka 2013, chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, waliuona mlima Nyiragongo kutoka upande wa Goma. Mudende iko ng'ambo ya pili ya mpaka, upande wa mashariki wa milima hiyo hiyo.

Huko ndiko kilikofunguliwa, mwaka 1984, Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati. Chuo kilikuwa mbali na mji mkuu, katikati ya wakulima, na wanafunzi wake walitoka katika nchi mbalimbali. Kwa miaka kumi kilifanya kazi. Mwezi wa Aprili mwaka 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, watu waliokimbilia katika eneo la chuo kwa kudhani kwamba mahali pa elimu patawasitiri waliuawa humo humo. Mauaji ya Mudende yalichunguzwa katika Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha, katika kesi ya maofisa wa jeshi la zamani la Rwanda iliyotolewa hukumu mwezi wa Desemba mwaka 2008. Chuo kilipofufuliwa, mwaka 1996, hakikufufuliwa Mudende. Kilianza upya Kigali, na huko ndiko kilikobaki.

Mateso ya Mudende hayakuishia hapo. Eneo hilo likawa kambi ya wakimbizi wa Kikongo, Watutsi waliofukuzwa Kivu ya Kaskazini. Mwezi wa Agosti mwaka 1997 wapiganaji waliojipenyeza kutoka ng'ambo, masalia ya jeshi lililoshindwa na wanamgambo wake, waliishambulia kambi usiku na kuua watu zaidi ya 100. Mwezi wa Desemba wakarudi, wakaua zaidi ya 200. Waliosalia walihamishiwa mbali na mpaka, katika kambi ya Gihembe, Wilaya ya Gicumbi, na huko wengi wao walikaa zaidi ya miaka 20 hadi kambi hiyo ilipofungwa mwaka 2021.

Tumeyataja haya kwa makusudi. Mtu anaweza kujenga ukuta kwa wiki chache, na lori likaleta madawati kwa siku moja. Lakini maktaba hukusanywa kitabu kwa kitabu. Huagizwa, hupangwa, huandikwa kadi, na wanafunzi huzoeshwa kuitumia, kidato baada ya kidato. Ikivunjwa, haijengwi upya kwa amri. Ndiyo sababu siku hizi sheria na taratibu za kijeshi duniani zinazidi kusisitiza kwamba shule si kambi. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kwa vikosi vya kulinda amani, wa mwaka 2012, unakataza majeshi kutumia shule katika operesheni zao. Azimio la Shule Salama lilipitishwa Oslo mwezi wa Mei mwaka 2015, na mwaka 2021 Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 2601 kuhusu kulinda elimu wakati wa vita. Kamanda anayetafuta mahali pa kulaza kombania yake, akaliona jengo imara lenye bati, lenye kisima na uwanja, akaliacha kwa sababu ni shule, anafanya kazi ya elimu ingawa hajui kushika chaki.

Sasa tukubali kwamba amani ipo, jengo lipo, na vitabu vipo. Je, mtoto atafaulu? Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Hudhani kwamba vitabu vikishafika shuleni kazi imekwisha. Ushahidi hausemi hivyo.

Tuchukue jirani zetu wa Kenya. Kuanzia mwaka 1996, katika wilaya za Busia na Teso, shule za msingi 25 zilizochaguliwa kwa kura kati ya shule 100 zilipewa vitabu vya kiada. Watafiti walilinganisha matokeo ya mitihani ya shule zilizopewa na zile ambazo zilikuwa hazijapewa. Taarifa yao, iliyochapishwa mwaka 2009, iliwashangaza wengi: kwa wastani, vitabu havikuongeza alama. Waliofaidika ni wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo. Sababu ilikuwa wazi. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa wengi wa watoto wale Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Mtoto alipewa chakula ambacho hakuwa na meno ya kukitafuna.

Huko India nako, katika jimbo la Karnataka, mpango wa maktaba za shule ulipimwa kwa njia hiyo hiyo ya kura, na matokeo yakatolewa mwaka 2012. Watoto walipelekewa maktaba, lakini alama zao za lugha hazikupanda. Mtu mwenye pupa ataisikia habari hii na kusema: basi maktaba hazina faida, fedha tuzipeleke kwingine. Huo ni uvivu wa kufikiri. Askari kuruti akipewa bunduki lakini asifundishwe kulenga, kisha akakosa shabaha, hakuna mkufunzi atakayesema kwamba bunduki hazina faida jeshini.

Wapo pia watu wa upande wa pili, wanaopenda kutuambia kwamba kila shule yenye maktaba nzuri hufaulisha, na kwamba hilo linatosha kuwa ushahidi. Ni kweli kwamba uchunguzi uliofanywa katika jimbo la Colorado, Marekani, na kutangazwa mwaka 1993, ulionyesha kwamba shule zenye maktaba bora na wakutubi wa kutosha zilikuwa na wanafunzi wenye alama za juu. Lakini tuwe waangalifu. Shule yenye maktaba nzuri mara nyingi ina walimu wa kutosha pia, ina umeme, na wazazi wake wana uwezo. Si rahisi kujua ni kipi kilichomfaulisha mtoto. Jambo moja katika uchunguzi ule linastahili kukumbukwa hata hivyo: pamoja na idadi ya vitabu, watafiti waliangalia mtu. Yupo mkutubi? Ana saa za kutosha? Anashirikiana na walimu?

Turudi Rwanda, kwa sababu jibu bora tunalolijua linatoka huko, na kwa sadfa linatoka Gicumbi, wilaya ile ile walikohamishiwa wakimbizi wa Mudende. Kati ya mwaka 2013 na 2015, shirika la Save the Children, likishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, lilizigawa kwa kura sekta za wilaya hiyo, ambazo sisi tungeziita kata, katika makundi matatu. Kundi la kwanza halikupata kitu kipya. Kundi la pili, walimu wake walipewa mafunzo ya kufundisha kusoma. Kundi la tatu lilipata mafunzo hayo ya walimu, na juu yake harakati za kijijini: vitabu vya Kinyarwanda vya kuazima, vikundi vya kusoma vilivyoongozwa na vijana wa kujitolea, na mikutano ya kuwaonyesha wazazi, hata wasiojua kusoma, namna ya kumsaidia mtoto. Miaka miwili ilipokwisha, watoto wa kundi hilo la tatu walikuwa wamepiga hatua katika kusoma kuliko wale wasiopata kitu.

Tuangalie tofauti kati ya Busia na Gicumbi. Gicumbi vitabu vilikuwa vya lugha anayoielewa mtoto. Mwalimu alikuwa amefundishwa la kufanya navyo. Mtoto aliruhusiwa kuondoka navyo kwenda nyumbani. Na nyumbani alimkuta mtu aliyemwuliza: umesoma nini leo? Hayo yote hayahitaji jengo la fahari.

Suala la lugha tulitilie mkazo kidogo, maana kwa Rwanda limekuwa zito. Kwa miaka mingi sekondari za Rwanda zilifundisha kwa Kifaransa. Mwezi wa Oktoba mwaka 2008 serikali iliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Mtu hahitaji shahada kuelewa kwamba siku uamuzi kama huo unapotangazwa, rafu nzima za vitabu hugeuka kuwa mapambo. Mwaka 2017 Kiswahili nacho kikafanywa lugha rasmi nchini humo, jambo lililotufurahisha sisi tunaokitumia, na ambalo askari wa Rwanda, waliokizoea Kiswahili kwa muda mrefu, hawakuliona geni. Hapa Tanzania tunalo bonde letu wenyewe la kuvuka: mtoto hufundishwa kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha katika shule nyingi za sekondari hukutana na Kiingereza katika kila somo isipokuwa Kiswahili chenyewe na machache mengine. Bonde hilo halivukwi kwa kukariri madokezo ya ubaoni. Huvukwa kwa kusoma kurasa nyingi, nyepesi kwanza, nzito baadaye. Mwanafunzi asomaye polepole hana nafasi katika chumba cha mtihani. Anapomaliza kulielewa swali la tatu, mwenzake yuko la saba. Mara nyingi tunasema mtoto huyu hajui historia au hajui baiolojia, kumbe baiolojia anaijua, ila karatasi imemshinda kuisoma.

Na tusidhani kwamba tatizo linaanzia sekondari. Upimaji wa Uwezo uliofanyika Tanzania na kutangazwa mwaka 2011 ulikuta kwamba katika watoto 10 wa darasa la tatu, ni kama 3 tu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kiswahili, ndugu msikilizaji, lugha ambayo watoto wengi huisikia kutwa.

Hapo lazima tukumbuke kwamba nchi yetu haikuanza jana katika kazi hii. Sheria ya kuanzisha huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Katika miaka ya 70, elimu ya watu wazima ilipopamba moto, idadi ya watu wazima wasiojua kusoma na kuandika ilishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975, na kwa mujibu wa takwimu za serikali ikafika chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Viongozi wa wakati ule walitambua jambo ambalo baadaye tulilisahau: mtu aliyejifunza kusoma na kisha akakosa cha kusoma hurudi alikotoka. Ndipo zikaanzishwa maktaba za vijijini, sanduku la vitabu chini ya mtunzaji mmoja, na magazeti ya vijijini. Magari ya maktaba yalizunguka. Mengi ya hayo yalififia fedha zilipopungua, na tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto ukajitahidi kuziba sehemu ya pengo hilo kwa kuhakikisha kwamba hadithi za Kiswahili za watoto zinaandikwa, zinachapishwa na zinafika shuleni.

Vitabu, basi, vimefika katika shule nyingi, ingawa si vyote vinavyotakiwa. Na hapa tunakuja kwenye jambo ambalo hasa tulitaka kulizungumza na askari. Nalo ni kufuli.

Nenda katika shule nyingi za nchi hizi zetu, uliza maktaba. Utaonyeshwa kabati, au chumba kidogo nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu. Kina kufuli, na ufunguo uko kwa mwalimu ambaye leo yuko semina. Ndani mna vitabu vipya, vingine bado vimefungwa kwa kamba ya kiwandani. Ukiuliza kwa nini havitolewi, utaambiwa vitapotea. Mwalimu huyo si mtu mbaya. Anajua kwamba mkaguzi akija atamwuliza vitabu vingapi vipo, na kimoja kikikosekana ataandika maelezo. Hajawahi kuulizwa ni vitabu vingapi vilivyosomwa. Kwa hiyo amechagua njia ya usalama, na usalama wake ni kutovitoa. Vitabu havipotei. Ila vumbi na mchwa huingia humo bila kuandika majina yao daftarini, na mwisho wa mwaka wa tano mali iliyolindwa kwa uaminifu mkubwa inakuwa haifai kitu.

Katika jamii yetu wako watu wenye ujuzi wa kutoa vitu vya thamani na kuvirudisha vyote, nao ni wewe unayetusikiliza. Katika ghala la silaha kuna vitu ambavyo kimoja kikipotea nchi hutikisika. Je, ghala hilo hufungwa mwaka mzima ili silaha zisipotee? La. Silaha hutoka kila siku, kila zamu. Hutoka kwa namba, kwa jina, kwa saa na kwa sahihi, hurudi hivyo hivyo, na anayeipokea huikagua kabla ya kuiweka mahali pake. Haipotei, kwa sababu daftari linasema iko kwa nani. Kituo cha polisi nacho hakiishi bila daftari la matukio, ambamo lililotokea saa nane usiku huandikwa saa nane usiku. Nidhamu hiyo ya kalamu na daftari ndiyo inayokosekana katika maktaba za shule zetu. Haihitaji mashine wala mfadhili, na askari mstaafu wa cheo cha koplo aliyewahi kutunza ghala angeweza kumfundisha mwalimu asubuhi moja.

Wapo watakaosema kwamba kitabu si bunduki, kwamba kitabu huchakaa. Naam, huchakaa. Kitabu kilichopita mikononi mwa watoto 60 hadi jalada likatoka kimefanya kazi yake, na kiandikwe hivyo katika hesabu: kimechakaa kwa kutumika. Tungependa sana kuona safu hiyo katika daftari la mkaguzi, na shule yenye vitabu vingi katika safu hiyo isifiwe badala ya kuulizwa maswali.

Tuseme wazi pia ni nani anayeumia kufuli linapobaki limefungwa. Mtoto wa ofisa mwenye rafu ya vitabu sebuleni, ambaye baba yake hununua gazeti na dada yake yuko chuo kikuu, hapati hasara kubwa. Atasoma nyumbani. Anayeumia ni mtoto wa konstebo au wa askari wa kawaida, anayekaa chumba kimoja na wadogo zake wanne katika laini za polisi, ambapo kitabu pekee ni kile cha shule kinachotumiwa na watoto watatu kwa dawati moja. Kwa mtoto huyu kabati lile la shule ndilo rafu ya nyumbani. Wakikutana watoto hao wawili katika mtihani mmoja, watapewa karatasi moja, dakika zile zile, na tutasema kwamba aliyeshinda ana akili zaidi.

Vyombo vyetu vya ulinzi vina uwezo katika jambo hili, maana vina shule zao wenyewe. Hapa Dar es Salaam kuna Makongo na Jitegemee, na Kenya kuna shule za Moi Forces Academy, Nairobi na Lanet. Si sekondari hizo tu tunazozifikiria. Karibu kila kambi kubwa ina shule ya msingi jirani yake, iwe ya jeshi au ya serikali, na askari ndio wengi katika mikutano ya wazazi. Mzazi mwenye sare akisimama katika mkutano huo na kuuliza maswali matatu, atasikilizwa. Maktaba hufunguliwa siku gani? Mwezi uliopita vimeazimwa vitabu vingapi? Mtoto wangu ameazima kipi? Maswali hayo si ya kumtisha mwalimu. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 darasani anahitaji kusaidiwa, wala si kukaripiwa mbele ya watu. Ikiwa hakuna mtu wa kukaa maktaba, wake na waume wa askari waliosoma wapo kambini, na baadhi yao wanatafuta la kufanya. Saa mbili za alasiri, siku tatu kwa wiki, daftari mezani, zinatosha kuanzia.

Na bwalo je? Kila kambi ina bwalo, na bwalo lina viti, lina taa, na Jumamosi asubuhi halina watu. Ikiwa vijana wa Gicumbi waliweza kuwakusanya watoto wakawasomea hadithi, haishindikani kwa askari kijana aliyemaliza kidato cha sita kuwakusanya watoto wa kambi mahali hapo na kuwasikiliza wakisoma kwa sauti. Hadithi za kivita anazo nyingi za kuwapa zawadi wanaomaliza.

Limebaki jambo moja la uhamisho, ambalo wakuu wa shule walio karibu na kambi hulalamikia kwa haki. Askari huhamishwa ghafla, familia hupakia vyombo usiku, na kitabu cha shule husafiri pamoja na masufuria kutoka Songea hadi Mwanza. Hakuibi mtu, kimesahauliwa tu chini ya godoro. Lakini mwalimu akipoteza vitabu 20 kwa namna hiyo hatawapa tena watoto wa kambini, na hatuwezi kumlaumu. Dawa yake iko mikononi mwa wakuu wa vikosi na wakuu wa vituo. Askari hahami bila kurudisha vifaa vya serikali na kupata sahihi za kila ghala. Katika karatasi hiyo hiyo uongezwe mstari mmoja wa shule ya mtoto, utiwe sahihi na mwalimu wa maktaba kwamba vitabu vimerudi, na mwalimu ampe mtoto barua fupi ya kupeleka shule mpya, ikieleza majina ya vitabu alivyokwisha kusoma na kile alichokuwa amefika katikati, ili akabidhiwe huko siku ya kwanza.